Kigoda cha Mama Dukani

Watu wa rika langu wanaipenda harufu ya sweta mpya ya shule, ile inayotoka ukifungua mfuko. Inawakumbusha Januari, sanduku la bati na daftari zilizofunikwa kwa magazeti. Mimi inanikumbusha miguu ya mama. Nikiisikia tu, naona miguu miwili imeinuliwa ukutani jikoni kwetu Gatitu, soksi zimeacha alama chini ya magoti, na mama mwenyewe amelala chali sakafuni, macho ameyafumba, hata koti la kazi hajavua.

Januari hii nilimpeleka binti yangu mjini Nyeri kununua sare, na harufu hiyo ikanifuata hadi nyumbani. Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo. Nitaeleza kwa nini, lakini itabidi nianze mbali.

Mama aliuza sare katika duka moja la mjini. Lilikuwa duka jembamba lenye rafu zinazofika darini: sweta za kijani, za maruni, za bluu, tai zimening'inizwa kama nyama buchani, na masanduku ya wanafunzi wa bweni yamepangwa hadi mlangoni. Mwenye duka tulimwita Madam, kama alivyoitwa na kila mtu. Alikuwa mama wa kanisa, mnene, mwenye sauti tamu na kumbukumbu ya ajabu. Alijua kila mtoto yuko shule gani na amerefuka kiasi gani tangu mwaka jana. Alikaa kwenye kiti kirefu karibu na droo ya pesa, chini yake mto uliofumwa kwa uzi. Hicho ndicho kilikuwa kiti pekee dukani. Wauzaji walisimama tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa, kastoma wawepo au wasiwepo.

"Kastoma akiingia akupate umekaa," Madam alikuwa akisema, "atafikiri hatutaki pesa yake."

Mimi sikuyajua hayo wakati huo. Nilichojua ni kwamba mama akifika nyumbani jioni hakusema na mtu kwanza. Alilala chini, akapandisha miguu ukutani, na sisi tukangoja. Nilidhani ni namna ya kusali. Nilikuwa nimeona watu wakisali wakipiga magoti, wakiinua mikono, wengine wakilia, kwa hiyo sikuona ajabu kwamba mama alisali kwa miguu. Wakati mwingine nililala kando yake nikainua yangu pia, nikasema amina kimoyomoyo. Yeye alicheka kidogo bila kufumbua macho.

Kisha mguu mmoja ukapata kidonda. Ilikuwa kona ya sanduku la bati iliyomgonga juu ya kifundo, mkwaruzo mdogo tu ambao mtu mwingine angeusahau. Wa mama ulikataa kupona. Ulilowa, ukapanuka, ngozi kando yake ikawa nyeusi na ngumu. Muuguzi wa zahanati aliufunga, akamwambia mbele yangu, "Mama, hii dawa haitafanya kitu kama hukai. Kaa chini, inua mguu. Ukisimama siku yote, hiki kidonda utazeeka nacho." Mama aliitikia vizuri, akashukuru, na kesho yake akaenda kusimama.

Nilimuuliza usiku huo akichochea moto, "Mami, kwani dukani hakuna kiti?"

"Kiko," akasema. "Ni cha Madam."

Basi kila kitu kikaeleweka, au mimi nikadhani kimeeleweka. Katika jiko letu kila mtu alikuwa na kigoda chake. Guka, ndivyo tunavyowaita babu zetu, ndiye aliyevichonga vyote, kwa mti wa muringa, miguu mitatu mitatu ili visiyumbe kwenye sakafu ya udongo. Yeye ndiye aliyemzaa baba, na baba alipoenda kutafuta kazi asirudi, Guka alibaki nasi. Chake kilikuwa kimeng'aa kwa kukaliwa, na hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa kwa makalio yake. Niliwahi kujaribu mara moja, nikafukuzwa jikoni bila chakula. "Kiti cha mtu ni cha mtu," Guka aliningurumia. "Wewe una chako." Cha mama alimchongea alipoletwa kwenye boma hilo akiwa msichana. Kilikuwa kifupi, kipana kuliko vingine, na upande mmoja kilikuwa na alama nyeusi ambapo kaa la moto lilikiangukia.

Kwa hiyo shida ya mama ilikuwa rahisi. Hakuweza kukaa dukani kwa sababu kiti kilichokuwepo ni cha mtu, na mama alikuwa mtu wa adabu. Kilichohitajika ni apelekewe chake.

Asubuhi iliyofuata, mama alipokwisha kuondoka, nilikitoa kigoda jikoni. Guka alinikuta uani nikihangaika kukifunga mgongoni kwa kamba.

"Unakipeleka wapi hicho?"

"Kwa mama. Hana kiti kazini."

Nikangoja anifokee. Badala yake alipiga goti, akaifungua kamba yangu ya kitoto, akaifunga upya vile kuni hufungwa, mkanda ukapita kwenye paji la uso wangu. "Mtu akija na kiti chake," alisema, "nani atamkataza?" Na aliamini hivyo kabisa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtoto anaweza kusamehewa, lakini yule alikuwa mzee aliyefanya kazi za watu maisha yake yote, na bado alidhani kwamba mtu akikosa kiti ni kwa sababu hakuna aliyemletea.

Nilipanda barabara hadi mjini, kigoda kikinigonga kiunoni. Watu walinicheka, wengine waliniuliza kama nakiuza. Nilijibu kwa fahari kwamba nampelekea mama. Nilipofika, duka lilikuwa limejaa wazazi, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mama alikuwa amenyoosha mikono akimpima mvulana mabega. Nilipenya chini ya kaunta, nikakiweka kigoda nyuma yake, nikasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, "Mami, nimekuletea kiti yako."

Wazazi wawili watatu walicheka, kicheko cha kupendezwa na mtoto. Mama hakucheka. Alibaki na futi ya kupimia imening'inia mkononi.

"Na huyu ni nani anatuletea fanicha?" Madam aliuliza. Alishuka kwenye kiti chake kirefu akaja. "Kumbe ni Wangari. Nani amekutuma, mrembo?"

"Hakuna. Ni kiti yake. Guka ndiye alimtengenezea."

"Aki ni kiti mzuri." Alikigeuza, akakipapasa, akakirudisha chini. Kisha akamtazama mama, bado akitabasamu. "Mama Wangari, si ukae basi, tuone vile inakutosha."

Duka lote lilikuwa likitazama. Nilisogea ili mama apate nafasi. Nilikuwa nimeona mguu wake asubuhi hiyo ulivyovimba, nilijua anataka kukaa, kiti chake mwenyewe kipo, mwenye duka amemkaribisha kwa kinywa chake. Sikuelewa anangoja nini.

"Asante Madam," mama alisema. "Sijachoka."

"Mmesikia?" Madam akawaambia wazazi. "Wafanyakazi wangu hawachoki."

Wakacheka tena. Nilipewa peremende. Na kigoda, badala ya kubaki nyuma ya kaunta, Madam alikichukua akakiweka kule mwisho wa duka, nyuma ya sweta zilizotundikwa, mahali watoto walipojaribia viatu. "Hapa kitatusaidia," alisema. Jioni mama alirudi bila kigoda. Hakunichapa wala hakunigombeza, alilala tu chini akainua miguu. Nikalala kando yake, ila sikuinua yangu.

Guka ndiye aliyewaka. Alitaka kwenda mjini usiku huohuo. Mama akamwambia, "Baba, ukienda, mimi nitakosa kazi, na huyu mtoto atakosa shule." Guka akakaa. Tukamwomba basi achonge kingine, muringa upo, patasi ipo. Akakataa katakata. Alisema akichonga kingine atakuwa amemwachia yule mwanamke hicho. Na mwanamume akikataa kwetu, amekataa. Kwa hiyo mama, ambaye hakuwa amemkosea mtu, akawa hana kiti kazini wala nyumbani. Alipika akiwa amekalia debe lililopinduliwa, Guka akimtazama kutoka kwenye kigoda chake kilichong'aa, kila mmoja na msimamo wake. Hadi leo sijui nani kati yao aliniudhi zaidi.

Dukani kulikuwa na muuzaji mwingine aliyeitwa Mama Akinyi. Alikuwa ametoka magharibi mwa nchi; mumewe alikuwa askari, wakikaa Kiganjo. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hakumwogopa Madam kama wengine walivyomwogopa, labda kwa sababu mumewe alikuwa na mshahara wa serikali. Jumamosi moja shule zilipokwisha kufunguliwa na duka limetulia, nilikuwa nimekaa kwenye masanduku nikimngoja mama. Madam alikuwa ametoka.

"Mimi nimeuliza mzee wangu," Mama Akinyi aliwaambia wenzake, mama na msichana mmoja wa kutoka Wamagana. "Ati iko sheria. Mfanyakazi akipata nafasi ya kupumzika, lazima kuwe na mahali ya kukaa. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" msichana akauliza.

"Kwa sheria ya Kenya, unataka iandikwe wapi ingine? Sikilizeni. Akirudi, atupate sisi sote tumekaa. Wewe kwa sanduku, wewe kwa sanduku, mimi kwa hiyo kiti. Atafukuza sisi sote? Nani atamuuzia?"

Walikubaliana. Nilimsikia mama akisema "Sawa" kwa masikio yangu. Mama Akinyi alikileta kigoda katikati ya duka, akakaa, akanyoosha miguu yake mirefu, akavua hata viatu. Kisha kivuli cha Madam kikaonekana mlangoni.

Msichana wa Wamagana alikuwa bado hajakaa, akabaki hivyo. Mama alikuwa ameshainama kukaa. Nilimwona. Alikuwa ameweka mkono kwenye kifuniko cha sanduku na kupinda magoti, na hapo katikati akabadilika, akachukua kitambaa akaanza kulipangusa sanduku lile vumbi. Alilipangusa na kulipangusa. Mama Akinyi peke yake ndiye aliyebaki chini.

"Na wewe?" Madam aliuliza.

"Mimi nimekaa, Madam. Hakuna kastoma. Na iko sheria."

"Sheria iko kwa gavamenti, mama. Hapa ni duka." Hakupandisha sauti. "Enda ukae kwenu vizuri."

Mama Akinyi alivaa viatu taratibu, akachukua mkoba wake. Akipita karibu na mama hakumtazama, ila alinigusa kichwa mimi. Hatukumwona tena. Wiki iliyofuata mama alipewa funguo za duka, awe anafungua asubuhi, kwa mshahara uleule. Watu wa kanisa walimpongeza kwa kuaminika.

Nilikuwa mtoto lakini nilimkasirikia mama, na hasira hiyo nimeibeba hadi nikawa mtu mzima. Nilisoma kwa pesa za kusimama kwake, nikawa mwalimu, na bado kila nilipomfunga kidonda nilijisemea: si ungekaa tu. Mara moja nikamwambia. Nilimsomea sheria ile, ipo kweli, Mama Akinyi hakudanganya. Nilimuuliza, kama wangekaa wote watatu, Madam angefanya nini? Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe unajua hesabu ya watu watatu. Mimi nilikuwa na hesabu yako wewe." Sikuridhika. Kuna jambo linaloudhi sana katika kushukuru kwa kitu ambacho hakikupaswa kumgharimu mtu kiasi hicho.

Alisimama hadi mguu ulipogoma kabisa. Siku ya kuondoka Madam alimpa blanketi na kumwombea maombi marefu. Malipo ya utumishi wa miaka yote ile hayakutajwa, na mama hakuuliza. Sasa anaishi nami, hapahapa Gatitu. Anakaa kutwa nzima kwenye kiti cha mikono, mguu juu ya mto, na anakichukia kiti hicho kama jela.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Januari hii nilipoingia lile duka na binti yangu. Madam amezeeka, duka liko mikononi mwa mwanawe, kijana mpole mwenye kompyuta pale palipokuwa na droo. Darini kuna kamera. Rafu ni zilezile, harufu ni ileile, na wauzaji wamesimama vilevile. Msichana mmoja mwembamba, aliyeniambia anaitwa Shiru, alitupeleka nyuma ya sweta kujaribu viatu. Na pale, chini ya taa hafifu, kigoda cha mama kilikuwepo. Kimekuwa cheusi kwa makalio ya watoto wa Nyeri nzima, lakini alama ya kaa la moto ilikuwepo upande uleule.

Binti yangu alikaa. "Mami, hii kiti iko moto," akasema. Sikumsikiliza.

Nilimwendea yule kijana nacho mkononi, nikajitambulisha kuwa mwalimu, nikamwambia kigoda hiki ni cha mama yangu, kilichongwa na babu yangu, na kimekaa hapa bila ruhusa tangu nikiwa mdogo kuliko huyu binti. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na sauti ya darasani. Yeye, simu mkononi, akakitazama kigoda, akainua mabega.

"Hiyo tu? Chukua, mwalimu. Tutaleta ya plastiki siku moja."

Hivyo tu. Jambo lililomwadhibu mama, likamnyamazisha Guka hadi kaburini, likamfukuzisha Mama Akinyi kazi, liliisha kwa mtu kuinua mabega bila hata kuacha simu yake. Nilikichukua kigoda nikatoka kama mshindi, na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu sikupewa hata nafasi ya kugombana. Shiru alitufungulia mlango. Uso wake ulikuwa umesawijika. Nilidhani anaogopa bosi.

Nyumbani nilikiweka mbele ya mama. Aliinama akapapasa ile alama nyeusi. Nilimwambia akae, nikamshika mikono kumsaidia.

"Ni kifupi," alisema. "Nikikaa hapo sitainuka."

Nilitaka kulia. Yeye hakuwa na machozi. Alikuwa amekunja uso akifikiri.

"Kilikuwa wapi?"

"Palepale. Nyuma ya sweta."

"Na yule msichana anayeuza, sasa anakaa wapi?"

"Hawakai, Mami. Wanasimama, kama nyinyi. Kuna kamera."

"Kamera inaona nyuma ya sweta?"

Nikakumbuka binti yangu akisema kiti kiko moto, mahali pasipo na dirisha wala jua.

Mama alikuwa bado anakipapasa kigoda. "Madam akienda benki," alisema, "mimi nilikuwa naenda huko nyuma. Dakika chache tu. Wewe ulidhani nilimaliza ile miaka yote namna gani?" Kisha akanitazama kwa hasira, hasira ya kweli ambayo hakuwahi kunionyesha hata siku ile ya kigoda. "Umemnyang'anya mtoto wa watu kiti."

Kesho yake nilipanda mjini. Sikumwona mtu wa kunibebea, nikakifunga mgongoni kwa kamba, mwalimu mzima, na watu wakanicheka kama zamani. Nilikiweka juu ya kaunta mbele ya yule kijana. Nilimwambia sheria inavyosema, yote, kwa sauti, mbele ya wazazi waliokuwa wamejaa, na kwamba hiki kigoda ni cha wauzaji kukalia.

Alinisikiliza kwa adabu. "Sawa, mwalimu, nimeskia," akasema. "Lakini hapa kiti ni ya kastoma." Mmoja wa wazazi akaniuliza kama nimemaliza, kuna watu kwenye foleni.

Shiru alikuwa amesimama kando ya rafu, mikono nyuma, uso hauonyeshi kitu. Kijana alipoinamia kompyuta yake, Shiru alikishusha kigoda chini. Kisha, huku akimtabasamia kastoma na kumuuliza saizi, alikisukuma kwa mguu, kidogo kidogo, hadi kikapotea nyuma ya sweta.